Kamusi, orodha, kadi au gazeti: njia ipi ikufae kujifunza maneno magumu ya Kiingereza?

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa na kamusi ndogo ya mfukoni, ya Kiingereza kwa Kiswahili, iliyolipatia kila neno maana moja tu. Mbele ya “notorious” paliandikwa “maarufu”. Nililipenda neno lile kwa sauti yake, nikaliingiza kwenye insha juu ya babu yangu, mkulima wa mpunga aliyeheshimiwa vijiji vitatu. Mwalimu wangu aliniita mezani, akanieleza kwa upole kwamba neno hilo husemwa juu ya jambazi, tapeli, au kona ya barabara inayoua watu. Maarufu, ndiyo, ila kwa ubaya. Niliona uchungu. Nilikusudia kumsifu mzee, kumbe nimemwandika mhalifu.

Leo nafundisha Kiingereza watu wazima, madarasa ya jioni, na ombi ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni hili: “Mwalimu, naomba orodha ya maneno magumu na maana zake.” Naelewa linakotoka. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma masomo yake kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, historia na jiografia zote zimegeuka Kimombo. Pengo lile wengi wetu tunalibeba mpaka kazini. Lakini orodha ni njia moja kati ya kadhaa, na kwa watu wengi isiwe ya kwanza. Nitaziweka hapa zikiwa zimekaribiana, na nitasema wazi ninapoegemea.

Kabla ya kuchagua, jiulize swali moja: unalitaka neno ili ulielewe ukilikuta, au ili ulitumie wewe mwenyewe? Hata katika Kiswahili tofauti hii ipo. Ukisikia “siku hii adhimu” unaelewa bila shida, lakini huenda hujawahi kulitamka neno “adhimu” ukiwa sokoni au nyumbani. Maneno ya kuelewa huwa mengi, na maneno ya kutumia huwa machache. Njia nzuri kwa kundi la kwanza inaweza kukuangusha kwenye la pili, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza miezi.

Kamusi ya Kiswahili au kamusi ya Kiingereza kitupu?

Nitakaa hapa zaidi, maana uchaguzi huu ndio unaobadilisha mengine yote.

Chukua kitenzi “kupunguza”. Kwa Kiswahili tunapunguza maumivu, tunapunguza hatari, tunapunguza matumizi, na dhoruba ikitulia tunasema imepungua. Kiingereza kimezigawa kazi hizo. Maumivu na shida za watu huendana na “alleviate”. Hatari, au madhara ya mabadiliko ya tabianchi, huendana na “mitigate”. Uhuru wa mtu ukibanwa au matumizi ya serikali yakikatwa, neno ni “curtail”. Dhoruba au hasira ikishuka yenyewe ni “abate”, na hapo mara nyingi hakuna mtu anayeipunguza. Kamusi ya lugha mbili yaweza kukupa “punguza” kwenye yote manne. Haijakosea, ila imekuacha mlangoni.

Jambo hili tunalijua vizuri tukiligeuza. Mgeni anayejifunza Kiswahili akitafuta “wash” atakutana na osha, fua, nawa, oga, hata tawadha. Siku akikuambia, “Ngoja nifue mikono tule,” utamwelewa, na papo hapo utajua kwamba neno alilipata kwenye kitabu, hakulisikia likitumika uani kwenye beseni la nguo. Mwingereza anakusikia vivyo hivyo unapoandika kwamba umemeza dawa “to curtail my headache”. Maana ipo, lakini neno limetolewa kwenye jamaa zake.

Kamusi za wanafunzi, yaani zile za Kiingereza kwa Kiingereza zilizoandikiwa mtu asiyezaliwa na lugha hiyo, zilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilihili. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani, alitoa yake na wenzake jijini Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaichapa upya mwaka 1948. Aliwafikiria wanafunzi wake Wajapani: wapi watateleza, kitenzi gani kinafuatwa na nini, nomino gani haihesabiki. Longman walipotoa ya kwao mwaka 1978 waliongeza kanuni ninayoipenda sana: fasili ziandikwe kwa takriban maneno 2,000 tu ya kawaida. Ukiyajua hayo, unaweza kusoma maelezo ya karibu kila neno lililomo.

Faida yake kubwa ni sentensi za mfano na alama za matumizi. Humo “notorious” inaelezwa wazi kuwa ni kujulikana kwa jambo baya. Neno lenye dharau hupewa alama ya “disapproving”, na la barua rasmi hupewa “formal”. Alama hizo ndogo, ambazo wanafunzi wangu huziruka, zingeokoa heshima ya babu yangu. Na huhitaji kununua: Cambridge, Oxford na Longman zote zina kamusi za wanafunzi za bure mtandaoni, na kurasa zake hazili bando sana.

Kamusi ya Kiswahili nayo ina mahali inaposhinda kabisa. Tafuta “pancreas” kwenye kamusi ya Kiingereza uzungushwe kwenye maelezo ya kiungo kilicho karibu na tumbo. Kamusi ya lugha mbili inakwambia “kongosho” na umemaliza. Vivyo hivyo zebaki kwa “mercury”, iliki kwa “cardamom”, ruzuku kwa “subsidy”. Majina ya vitu, viungo vya mwili, mimea, madini na istilahi za uchumi hayana haja ya kuzunguka. Kwa hayo, kamusi ya Kiingereza–Kiswahili iliyotolewa na TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1996 bado naiweka mezani.

Kwa hiyo napima hivi. Kama bado unasumbuka na maneno ya kawaida ya Kiingereza, usijitese na kamusi ya Kiingereza kitupu. Utatafuta neno moja na kujikuta umefukuza matano. Ukishavuka hapo, vitenzi na vivumishi vipeleke kwenye kamusi ya wanafunzi kila mara. Ukiweza kufungua zote mbili, anza na ya Kiswahili upate sura ya neno, halafu ya Kiingereza ujue tabia yake.

Orodha: za aina mbili, na hazifanani

Kuna orodha zinazozunguka WhatsApp na TikTok zenye maneno kama “lachrymose”, “perspicacious” na “sesquipedalian”. Ni maneno halali. Lakini unaweza kufanya kazi ofisini maisha yako yote, ukaandika ripoti na kuhudhuria semina, bila kulihitaji hata moja. Ukilichomeka kwenye barua ya maombi ya kazi, anayesoma ataliona neno kabla hajakuona wewe.

Aina ya pili imetokana na kuhesabu. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya vyuo vikuu, katika fani mbalimbali, baada ya kuacha nje yale ya kawaida ambayo kila mwanafunzi anatarajiwa kuyajua. Familia moja ni neno na ndugu zake, kama “analyse”, “analysis” na “analytical”. Familia hizo 570 zinabeba karibu asilimia 10 ya maneno yote kwenye matini za kitaaluma, yaani takriban neno moja katika kila 10 unayosoma. Ukiziangalia utashangaa hazitishi: “assess”, “assume”, “concept”, “benefit”. Ndiyo maana watu huzidharau. Hata hivyo, muulize mtu akueleze tofauti ya “assess” na “assume” bila kufikiri, uone kama haitamchukua muda.

Kama unakwenda chuo, au tayari uko chuo na vitabu vinakuchosha, orodha hii ndiyo ninayokupa bila kusita. Imegawanywa katika vikundi 10 kwa kufuata wingi wa matumizi. Anza na cha kwanza na usiruke.

Mtihani nao una neno lake. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza kwa wanaotaka kusoma au kufanya kazi nje, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne katika kuandika, na vinne hivyo vina uzito sawa. Wasahihishaji wanaangalia upana wa maneno yako na kama umeyaweka mahali pake, kwa hiyo neno la kifahari lililokaa vibaya linakuumiza. SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, iliacha maswali ya kujaza maneno adimu mwaka 2016. GRE, mtihani wa wanaoomba shahada za juu, bado ina sehemu za kujaza nafasi kwa maneno mazito. Mwanafunzi wa GRE kweli anahitaji orodha ndefu, naye ndiye mtu pekee ninayemwambia aitafute mapema.

Mizizi ya maneno

Njia hii inamkaa Mswahili vizuri, maana lugha yetu yenyewe imejengwa hivyo. Kutoka “som-” tunapata soma, somo, msomaji, usomaji, someka, somesha, kisomo. Hakuna aliyetukalisha chini atufundishe hayo moja moja.

Zaidi ya nusu ya maneno ya Kiingereza yametokana na Kilatini na Kifaransa, na mengi ya kisayansi yana asili ya Kigiriki. Ukijua “bene” ni wema na “mal” ni ubaya, unafungua “benevolent”, “benefactor”, “malevolent”, “malnutrition”, na hata “malaria”, ambayo kwa Kiitaliano ilikuwa “hewa mbaya”, kwa sababu watu wa zamani walidhani ugonjwa unatoka kwenye harufu ya mabwawa. Ukijua “chron” ni wakati, “chronic” na “chronology” zinakuja pamoja. Kwa mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au maabara, hii ndiyo njia inayolipa haraka kuliko nyingine: “hepat” ni ini, “nephr” ni figo, “-itis” ni uvimbe wenye muwako, na istilahi nyingi zinajieleza zenyewe.

Ila mzizi unakisia tu. “Invaluable” maana yake ni chenye thamani isiyopimika, wala si kisicho na thamani. “Inflammable” inashika moto upesi. “Egregious” kwa Kilatini ilikuwa mtu aliyesimama nje ya kundi la kondoo, yaani aliyejitokeza kuliko wenzake, na zamani ilikuwa sifa. Leo hutumika kwa kosa kubwa la wazi. Tumia mzizi kukisia, kisha kamusi ihakikishe.

Mizizi inakufundisha na jambo jingine ambalo orodha hazigusi, nalo ni daraja la neno. Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa mahakamani na ikuluni, na Kiingereza cha kale kikabaki shambani na jikoni. Mpaka leo “begin” na “commence”, “ask” na “inquire”, “buy” na “purchase” zinatembea mbilimbili, moja ya nyumbani na nyingine ya ofisini. Sisi tuna “kufa” ya Kibantu na “kufariki” iliyotoka Kiarabu. Kuku amekufa, mzee amefariki. Mwenye masikio ya kutofautisha hizo mbili ana masikio ya kutofautisha “begin” na “commence”, mradi mtu amuonyeshe pa kusikiliza.

Kadi na kisanduku

Kadi, yaani vipande vya karatasi au vya kwenye simu vyenye swali mbele na jibu nyuma, hazikufundishi maana. Zinazuia maana isikutoroke. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau hupotea mwanzoni kabisa, kisha kasi inapungua. Dawa ni kulirudia neno linapokaribia kupotea, na kila mara kuongeza siku za kungoja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaifanya kanuni hiyo kuwa kisanduku chenye vyumba vitano. Kadi ukiipata inasogea chumba cha mbele. Ukiikosa inarudi cha kwanza.

Unaweza kuifanya kwa simu au kwa manila. Programu ya Anki, ambayo jina lake kwa Kijapani ni kukariri, ni bure kwenye kompyuta na simu za Android, na inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka. Kwenye iPhone inalipiwa. Inapanga siku za marudio yenyewe, na hilo ni jambo kubwa kadi zikifika mia kadhaa. Manila inakatwa vipande, haihitaji chaji, na kule kuandika kwa mkono kunalikaza neno. Nimeona wanafunzi wakidumu na manila kuliko simu, kwa sababu simu ile ile ndiyo yenye kila kitu kingine kinachowaita. Mwenye nidhamu ya simu achukue Anki. Asiye nayo asijilazimishe.

Kinachoharibu kadi ni kuandika neno upande mmoja na tafsiri moja upande wa pili. Hapo umetengeneza tena kamusi yangu ya kidato cha pili. Mbele andika sentensi uliyoikuta, yenye pengo mahali pa neno. Nyuma andika neno, maana kwa Kiswahili, na maneno mawili linayopenda kuandamana nayo. Na usipakue kadi alizotengeneza mtu mwingine, isipokuwa kwa mtihani ulio karibu. Neno ulilolikuta mwenyewe linakuja na mahali ulipolikuta, na kumbukumbu inashika hapo.

Kuhusu idadi, maneno 5 mapya kwa siku, siku 5 za wiki, ni 1,300 kwa mwaka. Yanaonekana machache mpaka marudio yaanze kurundikana. Anayeanza na 30 kwa siku huwa ameacha kabla mwezi haujaisha.

Kusoma, na hasa kusoma habari moja mara mbili

Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba ili uelewe asilimia 98 ya maneno katika maandishi ya kawaida, unahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Hakuna orodha wala kisanduku kitakachokufikisha huko peke yake. Sehemu kubwa lazima iingie kwa kusoma, neno likirudi na kurudi katika sura tofauti.

Tatizo la ushauri wa “soma sana” ni kwamba mtu anachukua gazeti la Kiingereza, anakwama aya ya pili, anaacha. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni hii: soma habari kwa Kiswahili kwanza. Mwananchi na The Citizen zinatoka kampuni moja Dar es Salaam, na Taifa Leo na Daily Nation zinatoka kampuni moja Nairobi, kwa hiyo habari kubwa za siku utazikuta pande zote. Ukishajua kilichotokea, akili haihangaiki na habari; inabaki na maneno.

Juni, wakati wa bajeti, ndio msimu mzuri kuliko yote. Nakisi unaiona ikiwa “deficit”. Fedha zilizotengwa ni “allocated”, zilizokwisha kutolewa ni “disbursed”, na mtu aliyefuatilia ripoti za ukaguzi anajua kwa nini tofauti ya hayo mawili ina uzito. Mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania, wanafunzi wangu walilishika neno “levy” ndani ya wiki moja bila kadi, kwa sababu kila mmoja lilikuwa limemgusa mfukoni.

Udhaifu wa kusoma ni kwamba kunakupa maneno ya kuelewa kuliko ya kutumia. Ili neno livuke upande wa pili, liandike. Sentensi tatu juu ya habari uliyosoma zinatosha, ukitumia maneno mawili mapya, kisha uyapime na mifano ya kamusi ya wanafunzi.

Basi wewe uchukue ipi?

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne: kamusi ya lugha mbili, kitabu cha somo lenyewe, na kadi za manila za istilahi za somo moja linalomsumbua zaidi. Orodha za mtandaoni aziache. Anayekwenda chuo au anayejiandaa na IELTS: orodha ya Coxhead, kamusi ya wanafunzi, na kuandika kila siku. Wa GRE: orodha ndefu pamoja na Anki, miezi mingi kabla, na mizizi ya maneno kama msaada. Wa afya: mizizi kwanza. Mfanyakazi wa ofisini anayetaka Kiingereza chake kikomae, na hawa ndio wengi darasani kwangu, namshauri magazeti mawili na kamusi ya wanafunzi, kadi zikija baadaye.

Kama una nusu saa tu kwa siku, dakika 15 ziende kwenye kusoma, 10 kwenye kadi, na 5 kwenye kuandika sentensi zako. Jumapili usiongeze neno jipya. Pitia kadi zilizorudi chumba cha kwanza zaidi ya mara tatu, na yoyote ambayo sentensi yake hukuielewa tangu mwanzo, ichane uiandike upya kwa sentensi nyingine.